Taa Haikufifia

9 Machi 1997

Shangazi yangu mpendwa,

Tak.

Huo ndio mlio ulioniamsha leo, na ndio mlio niliokua nao. Kila Jumapili asubuhi, tangu nilipokuwa mdogo kiasi cha kupita chini ya meza bila kuinama, baba anaifuta pikipiki ya babu kwa kitambaa, anaipanda, anabonyeza kitufe cha kuwashia, na pikipiki inamjibu: tak. Mara moja tu, kama mtu anayefunga sanduku. Kisha anashuka, ananawa mikono, anakuja kunywa chai. Hajawahi kubonyeza mara ya pili.

Shikamoo, shangazi. Nisamehe kwa kutanguliza mlio kabla ya salamu. Sisi hatujambo. Mkono wa kulia wa baba bado mzito tangu kiharusi cha mwaka juzi, lakini anatembea na fimbo, anakula mwenyewe, na ulimi umemrudia wote pamoja na makali yake. Mama Cherehani, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, anakusalimu ingawa hakujui. Andika jina lake na sanduku lake la posta juu ya bahasha, yeye atanipa. Ufunguo wa sanduku letu la posta baba anauvaa shingoni, na simu ameitia kufuli kwenye duara la namba. Akinihitaji anagonga sakafu kwa fimbo mara tatu. Nikikawia, mara sita.

Sasa jambo lenyewe. Nimepangiwa kufundisha fizikia katika shule ya bweni ya wasichana, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mwaka jana niliomba waniahirishie kwa sababu ya ugonjwa wa baba. Safari hii wameandika waziwazi: nisiporipoti tarehe mosi Septemba, nafasi anapewa mwingine. Nilimsomea baba barua yao. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hakuna aliyekuzuia. Subiri kwanza pikipiki itengenezwe, utaondoka nayo."

"Itengenezwe na nani? Fundi yeyote akiisogelea unamfukuza."

"Basi subiri."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nimelishika neno lake. Amesema pikipiki, basi iwe pikipiki. Kila kitu kingine ni kizima, unajua anavyotunza vitu: kabureta safi, oili mpya, betri anaichaji kila Jumamosi. Kinachokataa ni mota ya kuwashia peke yake, na pikipiki yenyewe haina kiki ya kuwashia kwa mguu, babu aliichagua hivyo kwa sababu ya goti lake. Wewe unasuka nyaya za mota kila siku ya Mungu. Nifundishe. Nianzie wapi?

Mtoto wa kaka yako

*

27 Machi 1997

Maswali,

Marahaba. Barua yako imefika imekunjamana kama shati la mlevi, lakini imefika. Huku tu wazima. Karakana imejaa feni na pampu za maji. Mtu analeta mota imeungua nyeusi tii, inanuka mpaka barabarani, anakwambia, "Imekataa tu, fundi, sijui ilikuwaje." Nimeanza kuvaa miwani. Usinicheke, zamu yako inakuja.

Hayo maneno ya baba yako, ya kusubiri pikipiki itengenezwe, aliyasema hivyohivyo ulivyoandika? Basi, usinijibu.

Ushauri wangu wa kwanza: panda basi. Vaa viatu, beba mkoba, nenda.

Ushauri wa pili, kwa kuwa najua wa kwanza hutaufuata: usiguse spana bado. Washa taa ya mbele. Baba yako abonyeze kitufe, wewe simama mbele uiangalie taa. Mota na taa zinakunywa betri moja. Mota ikinywa, taa inafifia. Niambie jambo moja tu: inafifia au haififii?

Shangazi yako

*

13 Aprili 1997

Shangazi,

Shikamoo. Miwani nimeicheka kidogo, kisha nimeitamani. Hapa salama. Baba alikuwa na kikohozi, kimepoa. Mama Cherehani amepata kazi ya kushona sare za wanafunzi, kwa hiyo nyumba nzima imejaa vipande vya kitambaa cha kijani na mimi naviokota kwenye mchuzi.

Taa haikufifia.

Nilimwomba baba abonyeze. Mkono wa kulia, ulio upande wa kitufe, haukuweza, akalazimika kuvusha wa kushoto juu ya tangi. Tak. Nilikuwa nimesimama mbele kabisa, nikiangalia mwanga ukutani. Haukutikisika hata kidogo. Nikamwambia, kwa furaha ya kijinga, "Baba, umeme haufiki ndani ya mota! Kuna mahali njia imekatika!"

Akashuka taratibu. Akasema, "Bisibisi amekufundisha vizuri."

Shangazi, sikuwa nimemwambia kwamba nakuandikia. Na hilo jina lako la utotoni nilikuwa sijalisikia kinywani mwake tangu mama alipofariki.

Nilipotafuta kitabu cha pikipiki kwenye kabati nilikuta kadi yake. Mmiliki aliyeandikwa si babu, wala si baba. Ni wewe. Maisha yangu yote nimeambiwa kwamba shangazi aliondoka bila kuaga, alfajiri, kwa miguu. Mtu mwenye pikipiki yake anaondokaje kwa miguu?

Nasubiri maelekezo, na jibu.

Maswali wako

*

25 Mei 1997

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Wiki sita zimepita. Kila siku Mama Cherehani ananiona namwangalia mikono, ananiambia, "Mwanangu, leo sina kitu, hata ukinikagua."

Kama umeugua, mtu aniandikie. Kama nimekuudhi kwa swali lile, basi lifute, nijibu la mota tu.

Nitakwambia ninavyoishi, ujue kwa nini nahesabu siku. Dirisha langu linatazama ua. Uani kuna ukuta, mbele ya ukuta kuna pikipiki. Nikienda sokoni baba anaangalia saa wakati wa kutoka na wakati wa kurudi, halafu hasemi kitu. Angesema, ningemjibu. Majirani wananiita mtoto wa mfano. "Wangekuwapo wengi kama wewe!" Natabasamu. Nikiingia ndani najikuta nimesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, sikumbuki nilikuja kuchukua nini. Kisha fimbo inagonga.

Zimebaki siku tisini na tisa.

*

7 Juni 1997

Maswali,

Marahaba. Sikuugua. Salamu kwa mama wa cherehani, mwambie nashukuru mikono yake hata ikiwa mitupu. Huku mvua imetuingilia karakanani, tumefanya kazi juu ya meza kama kuku.

Sikiliza vizuri. Chomoa waya wa betri kwanza, upande wa hasi. Mota imeshikwa na bolti mbili kwenye injini, itoe, iweke mezani penye mwanga wa mchana. Bolti mbili ndefu zinapita mwilini mwake toka kifuniko hadi kifuniko. Kabla hujazilegeza chora mstari unaopita kwenye kifuniko na mwili, ujue kilikaaje. Kwa ndani kifuniko cha nyuma kina bamba dogo lenye brashi mbili. Usitafute nywele, ni vipande viwili vya kaboni, vyeusi, kila kimoja kinasukumwa na springi kikae juu ya duara la shaba. Hapo ndipo umeme unapoingilia kwenye kiini kinachozunguka. Brashi isipoigusa shaba, mota ni jiwe.

Ukifungua, usivute chochote. Angalia kwanza. Angalia brashi zote mbili, moja baada ya nyingine.

Utakachokikuta usikitupe.

Shangazi yako

*

22 Juni 1997

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo. Mimi sijui.

Niliifungua jana kwenye meza ya jikoni, baba akiwa amelala baada ya chakula. Brashi ya kwanza imeganda kwenye tundu lake kwa kutu. Brashi ya pili ni nzima, karibu mpya. Na kati yake na shaba kuna kipande chembamba cha plastiki, upana wa kidole kidogo, kimekatwa kwa wembe, kingo zimenyooka. Nilikitoa kwa kibanio cha nyusi. Nikakiinua dirishani.

Unajua baba alifanya kazi gani. Miaka thelathini amechora ramani kwenye ile karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Kipande hiki kina mstari mmoja mwembamba wa wino unaojipinda, na juu yake namba saba yenye mkato katikati. Hakuna mtu mwingine anayeandika saba hivyo. Kila tarehe yenye saba kwenye ripoti zangu za shule aliiandika hivyo.

Kwa hiyo haikuharibika. Ilizuiwa. Na wewe uliponiambia niangalie taa, ulikuwa unajua.

Nilikaa nacho mkononi mpaka fimbo ikagonga. Nikaenda, nikamwinua, nikamletea maji. Alikunywa akiniangalia juu ya glasi. Kipande sikumwonyesha. Najiuliza kwa nini, na jibu ninalolipata silipendi: niliogopa angeona aibu, na aibu yake ingekuwa kazi yangu nyingine ya kutunza, pamoja na dawa na shuka.

Miaka ishirini na miwili anachaji betri ya pikipiki aliyoiziba mdomo mwenyewe.

Unajua kinachonichekesha? Nilikitoa kipande, nikaunganisha betri palepale mezani. Kimya. Kutu imekula springi, grisi imekuwa gundi, shaba imeota ukijani, na ile brashi iliyoganda ilivunjika nilipoivuta. Uongo wake umekaa mle ndani mpaka umekuwa kweli. Sasa mota ni mbovu kwelikweli, na sina budi kuitengeneza.

Kipande nimekificha katikati ya kamusi.

*

6 Julai 1997

Maswali,

Marahaba. Ulichokiona umekiona. Nina kazi ya mikono humu, ya mdomo nitaifanya siku nyingine.

Kwenye mkebe wa chai uliofika na barua hii kuna springi mbili na brashi nne. Brashi za mota ile haziuzwi tena popote, hizi nimezikata kutoka kwenye brashi kubwa za pampu nikazisugua kwa msasa hadi zikapata kimo. Nne, maana mbili utazivunja. Zisugue kidogokidogo mpaka ziteleze kwenye matundu yake bila kubana na bila kucheza. Kisha zungushia msasa laini kwenye duara la shaba, uso wa msasa ukiangalia nje, kandamiza brashi juu yake, zungusha, mpaka tumbo la brashi lipinde sawa na shaba.

Kiini usikiloweke kwenye petroli. Futa kwa kitambaa chenye unyevu tu. Wajanja wote huloweka, halafu vanishi inabanduka, halafu wananiletea mimi. Kati ya vipande vya shaba kuna vijia, visafishe kwa ncha ya sindano mpaka uone giza. Grisi kidogo mwisho wa ekseli. Nimesema kidogo.

Ukimaliza kaishike kwa nguvu kabla hujaiunganishia betri. Inaruka kama chura.

Shangazi yako

*

3 Agosti 1997

Shangazi yangu,

Shikamoo, na asante kwa mkebe. Brashi moja tu nimeivunja, kwa hiyo nakudai sifa. Mama Cherehani amenipa sindano yake nene ya kushonea mkoba. Alipoona ninavyochokoa vijia vya shaba siku tatu mfululizo alisema, "Ungekuwa unashona, tayari ungekuwa na gauni." Baba amenenepa kidogo. Sasa ngoja nikueleze yote kwa mpangilio, maana nimelala vibaya.

Nilichora ule mstari wako kwa chaki, kwenye kifuniko na kwenye mwili. Wiki iliyopita nilitoka kuanua nguo, niliporudi mezani kila kitu kilikuwa kinang'aa. Baba amekaa pembeni na kitambaa kibichi kwenye mkono wa kushoto.

"Niliona vumbi," akasema. "Nimekusaidia."

Mstari haukuwapo. Nikamwambia asante.

Nikafunga kwa kukisia. Nikaikandamiza kwa goti, nikagusisha waya. Iliruka kama chura, shangazi, ikazunguka! Nilipiga kelele mpaka Mama Cherehani akaja na mkasi akidhani nimeungua. Nikairudisha kwenye pikipiki, nikabonyeza. Mota inavuma, injini imekaa. Inavuma, injini imekaa. Nilichukua siku mbili kuelewa kwamba bamba la brashi nimelifunga robo duara nje ya mahali pake, mota inazunguka kinyumenyume, na gia inayonasa injini hunasa upande mmoja tu. Unaweza kuzunguka kwa nguvu zako zote na usisogeze kitu. Mambo hayo nayajua.

Nikafungua tena. Safari hii alama nimeikwaruza kwa msumari, ndani ya chuma. Hiyo hakuna kitambaa cha kuifuta.

Jana mchana, saa nane, niliwasha taa ya mbele na kubonyeza. Taa ilififia. Ilififia, shangazi, ikawa ya manjano, na mota ikaivuta injini, na injini ikakohoa mara mbili ikashika. Moshi ulijaa uani. Majirani walitoa vichwa juu ya ukuta. Mimi nilikuwa nalia, nikimwangalia baba mlangoni, nikisubiri.

Alisikiliza muda mrefu. Ana sikio zuri, unajua. Kisha akasema, "Imewaka. Sasa tutazame breki."

Nikasema, "Breki."

"Na matairi ni ya zamani. Na wewe huna leseni. Mtu haondoki hivihivi."

Nikazima. Nilipozima ndipo niliposikia jinsi ua ulivyo mdogo.

Mlango ule niliudhania una kufuli moja, nikakaa miezi mitano nachonga ufunguo. Niambie la kufanya. Zimebaki siku ishirini na tisa. Na niambie kwa nini ulinyamaza, tafadhali. Hiyo kazi ya mdomo, ifanye sasa.

*

14 Agosti 1997

Maswali,

Marahaba. Nimewasimulia mafundi wenzangu habari ya mota ya kinyumenyume. Mmoja ana miaka kumi na minane kwenye kazi hii, akasema hilo kosa alilifanya mwezi uliopita. Kwa hiyo karibu kwenye chama.

Sasa ile kazi.

Babu yako aliniachia pikipiki kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nalala chini yake na spana. Baba yako aliliridhia hilo. Mwaka huohuo nikapata nafasi ya kujifunza kusuka mota, huku niliko. Tulikuwa tumebaki ndugu wawili katika nyumba ile, yeye na mimi, na mama yako akiwa mgeni bado, na wewe unatambaa. Siku nilipofunga mizigo, pikipiki ikasema tak. Kaka akaniambia, "Subiri niitengeneze, utaondoka nayo." Maneno yaleyale. Ndiyo sababu nilikaa na barua yako wiki sita. Kila nikishika kalamu nilikuwa nasikia sauti yake ya ujanani.

Nilisubiri wiki tatu. Siku moja hayupo, nikawasha taa nikabonyeza. Haikufifia. Mota ilikuwa nzima kabla sijafunga mizigo, sasa njia imekatika ndani, na bolti zake zina mikwaruzo mipya. Nilijua. Sikuhitaji hata kufungua.

Ningeweza kufungua nikakitoa hicho kipande, nikamwekea mezani. Ningeweza hata kuita watu wawili waisukume mteremkoni ikawaka. Sikufanya lolote. Watu walidhani nina hasira. Ukweli ni huu, na sijamwambia mtu: ningemkamata, angelazimika kuniomba. Kaka yangu hajui kuomba, hajawahi, tangu utoto akitaka kitu anakificha mpaka mwenyewe uchoke kukitafuta. Lakini siku ile angeniomba. Na angeniomba, ningebaki. Kwa hiyo nilimwachia uongo wake, nikatoka kabla hajaamka. Nilimkimbia asije akafungua mdomo.

Nimekuwa fundi mzuri. Sijuti kuja. Ila kila mota ninayoifungua, kabla sijaangalia kingine, naangalia chini ya brashi.

La kufanya sikuambii. Mimi njia niliyoijua ni moja, na umeona nilivyoitumia.

Shangazi yako

*

2 Septemba 1997

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua imetoka karakanani. Mama Cherehani anakusalimu, na safari hii anakujua, maana nilimsomea barua yako ya mwisho. Alilia kidogo, akasema kaka yako anahitaji kubanwa kiunoni kama suruali kubwa.

Jumamosi nilimwamsha baba, nikampa chai, nikaleta mkoba wangu nikauweka mlangoni, anapouona. Saa ilikuwa nne asubuhi. Mlango wa barabarani niliufungua wote.

"Breki bado," akasema.

"Breki ni nzima, baba. Umezikagua mwenyewe Alhamisi. Na siondoki nayo. Naenda kwa basi."

"Basi gani?"

"La saa tano."

Akaangalia saa ukutani. Nikakaa mbele yake, nikamfungua kiganja cha kushoto, nikaweka kile kipande.

Hakushtuka. Alikiinua kwenye mwanga, akakigeuza. "Hii ni karatasi ya saba," akasema. "Mto niliukosea, nikaichana. Nikaanza upya." Alikuwa akiongea kama mtu aliyekuta picha ya rafiki. Kisha sauti ikabadilika. "Bisibisi anajua?"

"Anajua tangu siku zile."

"Na hakusema."

"Hakusema."

"Miaka ishirini na miwili. Kwa nini?"

"Aliogopa ungemwomba abaki. Angebaki."

Nilisikia cherehani ya chumba cha mbele ikisimama. Nilijua ni wakati wa kusimama na kutoka, kama wewe, kabla hajaanza. Miguu yote miwili ilitaka. Nilibaki kwenye kiti.

"Basi mimi nakuomba," baba akasema. "Usiende."

Hakukuwa na pikipiki mbele ya maneno hayo, wala breki, wala leseni. Akaendelea. Alisema anaogopa kuanguka bafuni. Alisema nyumba ikiwa kimya anasikia mkono wake mbovu. Alisema mama yangu alimwambia asinibane, na yeye alimwahidi, na amejaribu kila siku asubuhi na kila siku mchana ameshindwa. Hajui kuomba, ni kweli. Alikuwa akisimama katikati ya sentensi kama mtu anayepita mtoni akitafuta jiwe la kukanyaga. Shangazi, ulikuwa na haki ya kukimbia. Inauma kuliko ulivyofikiri.

Nilimsubiri mpaka akamaliza. Nikamwambia yote niliyopanga: Mama Cherehani atapika na kumwangalia asubuhi na jioni, na sehemu ya mshahara wangu ni yake kwa kazi hiyo. Bafuni nimefunga bomba la kushikilia, kwa bolti nne. Nitarudi likizo ya Desemba. Nikamwomba ufunguo wa simu. Aliutafuta mfukoni kwa mkono wa kushoto, akanipa, nami nikalitoa kufuli nikaliweka dirishani. Nikambusu mkono, ule mzito. Nikabeba mkoba.

Nilikuwa nimefika kona, pale kwenye duka la vioo, nilipousikia mlio. Mota ilivuta, ikavuta, injini ikashika. Kitufe kiko kulia, kwa hiyo alivusha mkono juu ya tangi. Kutoka mlangoni mpaka uani ni hatua kumi na sita na fimbo. Lazima alianza kutembea mara tu nilipotoka. Sijui alikuwa ananiita au ananiaga. Kwenye kioo cha dukani nilijiona nimesimama katikati ya barabara na mkoba, watu wananipita kushoto na kulia. Pikipiki iliendelea kuvuma. Nikapanda basi la saa tano.

Jana saa mbili asubuhi nimesaini daftari la walimu. Chumba changu kina kitanda, meza, na dirisha linalotazama uwanja wa mpira. Usiku wa kwanza niliamka mara mbili nikidhani fimbo imegonga. Haikuwa kitu.

Kadi ya pikipiki yenye jina lako nimeiacha kwenye msumari pamoja na ufunguo wake. Kipande cha ramani amebaki nacho baba, sikumwomba anirudishie. Na anwani yako nimemwandikia kwa herufi kubwa, nikaiweka mezani kwake pamoja na karatasi na kalamu, upande wa kushoto.

Mtoto wa kaka yako